Hewa ya Kusafisha Maji ya Samaki Isije Ikaumiza Mapafu ya Watu



Mama mmoja wa mwambao ametuandikia swali ambalo hatujawahi kulijibu katika ukurasa huu. Mwanawe ameajiriwa kutunza nyumba ya mtu mwenye uwezo. Sebuleni mwa nyumba hiyo kuna tangi kubwa la vioo lililojaa maji ya bahari, na ndani yake samaki wadogo wa rangi rangi na matumbawe. Hivi karibuni imefungwa mashine ndogo kando ya tangi, na kijana ameambiwa kuwa inatoa "hewa ya kuua vijidudu". Tangu siku hiyo chumba kina harufu kali, mithili ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, na kijana hukohoa kila asubuhi anapofuta vioo na kulisha samaki. Mama anauliza: hewa hiyo ni dawa au ni sumu?

Jibu letu ni kwamba inategemea iko wapi. Ikiwa imefungiwa ndani ya chombo chake, ikichanganyika na maji, ni kisafishaji kizuri. Ikitoroka na kuingia puani mwa mtu, ni sumu. Hewa hiyo huitwa ozoni. Na kikohozi cha kijana yule si cha kupuuzwa, hata kama mwenye nyumba anasema ni mafua.

Huenda baadhi ya wasomaji wakasema kwamba matangi ya samaki ni mambo ya matajiri na hayatuhusu. Ni kweli kuwa wapenzi wengi wa matangi haya wako Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba. Lakini sehemu ya samaki wanaowatazama hutoka kwetu. Wapiga mbizi wa pwani ya Kenya wamekuwa wakivua samaki wa mapambo kwa miaka mingi; samaki hao huwekwa kwenye matangi ya wafanyabiashara kabla ya kusafirishwa kwa ndege. Tena wako vijana wetu wanaofanya kazi za ndani huko Ghuba, na wengine wako mahotelini hapa hapa nyumbani ambako tangi la samaki limewekwa mapokezi ili kuwapendeza wageni. Mwenye tangi hupita jioni akatazama dakika kumi. Anayeshinda nalo kutwa nzima ni mfanyakazi, na mara nyingine mtoto wa nyumba anayelala chumba cha pili.

OZONI NI KITU GANI?

Oksijeni tunayovuta ina atomu mbili zilizoshikana. Ozoni ni oksijeni hiyo hiyo, ila atomu zake ni tatu, na ile ya tatu haitulii. Ikikutana na kitu, hujibandua na kukishambulia. Kitu hicho chaweza kuwa kijidudu, uchafu, rangi ya maji, mpira wa bomba, au utando laini wa koo lako. Ozoni haichagui. Nguvu ile ile inayoua vijidudu ndiyo inayounguza njia ya hewa, na hakuna fundi awezaye kutengeneza ozoni inayoua vijidudu peke yake na kumwacha binadamu.

Harufu yake wengi mnaijua bila kujua jina. Ni ile inayosikika baada ya radi kupiga karibu, au karibu na mashine ya zamani ya fotokopi katika ofisi ya parokia inapotoa nakala nyingi mfululizo. Mkemia Christian Friedrich Schönbein, aliyefundisha Basel huko Uswisi, ndiye aliyeipa jina mwaka 1840, akilitoa katika neno la Kigiriki lenye maana ya kunuka.

Msomaji mwingine atauliza: je, si hii ozoni tunayoambiwa tuilinde angani? Ndiyo, ni hiyo hiyo. Tabaka la ozoni lililo kilomita nyingi juu ya vichwa vyetu hutukinga na miale mikali ya jua. Kwa ajili yake mataifa yaliandika Mkataba wa Vienna mwaka 1985 na Itifaki ya Montreal mwaka 1987, na Papa Fransisko katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 aliutaja mkataba huo na itifaki yake miongoni mwa juhudi zilizofanikiwa. Huko juu inatufaa kwa sababu hakuna anayeivuta. Jiko pia hufaa nyumbani, lakini hakuna anayeweka mkono ndani ya moto.

Wala hatusemi ozoni haina kazi duniani. Mji wa Nice, Ufaransa, ulianza kusafisha maji ya kunywa kwa ozoni mwaka 1906, na viwanda vingi vya maji ya chupa huitumia hadi leo. Akina mama wasiogope chupa hizo: mpaka chupa ifike dukani, ozoni yenyewe imekwisha kugeuka kuwa oksijeni ya kawaida. Hatari tunayoizungumzia iko pale inapotengenezwa na kutumiwa.

KWA NINI WANAIWEKA KWENYE TANGI?

Samaki wa tangi hula, hunya na kupumua katika maji yale yale. Baharini uchafu huo hupotea katika ukubwa wa maji. Katika lita mia tatu haupotei. Maji huanza kuwa ya manjano, na vijidudu huzaliana. Ndiyo maana matangi ya maji ya chumvi hufungiwa chombo cha povu. Hiki ni kama mnara mwembamba wa plastiki, ambamo hewa hupulizwa kwa mapovu madogo sana. Uchafu hung'ang'ania mapovu, hupanda nayo na kumwagikia katika kikombe kilicho juu, ukiwa kimiminika cha rangi ya chai ya rangi. Mtu aliyewahi kuona povu zito ufukweni siku ya mawimbi makali anaelewa namna inavyofanya kazi.

Wajerumani walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuongeza ozoni katika chombo hicho. Mashine hupitisha hewa kwenye cheche za umeme, oksijeni inageuka ozoni, na mrija huipeleka ndani ya mnara wa mapovu. Humo ozoni huvunja uchafu, huondoa umanjano na kuua vijidudu vinavyopita. Maji hutoka maangavu kiasi kwamba mtu hudhani samaki wanaelea hewani. Nyumba kubwa za maonyesho ya samaki, kama Georgia Aquarium ya Atlanta, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 2005, huitumia kwa kiwango kikubwa. Lakini huko kuna wahandisi wa zamu na vyombo vya kupima hewa vyenye kupiga king'ora. Sebuleni mwa mtu hakuna hayo.

Maji ya bahari yana jambo jingine ambalo wauzaji hawapendi kulieleza. Kila lita ina takriban miligramu 65 za bromaidi, ambayo ni ndugu wa ile chumvi ya kawaida. Ozoni ikikutana nayo huigeuza kuwa bromini na jamaa zake, na hizo hukaa majini kwa muda mrefu kuliko ozoni yenyewe. Huunguza matamvua ya samaki na kuua wadudu wadogo wa tangi. Kwa sababu hiyo maji yanayotoka katika chombo cha povu yapitishwe kwenye mkaa maalumu wa kuchujia kabla ya kurudi kwa samaki. Kwa sababu hiyo hiyo maji ya tangi lenye ozoni yasionjwe, wala yasitumiwe kutia chumvi katika chakula. Tunalisema kwa kuwa maji yenye chumvi yaliyo maangavu humdanganya mtu.

Kwa maoni yetu, tangi la kawaida la nyumbani halihitaji ozoni hata kidogo. Ozoni haimponyi samaki aliyekwisha kuugua akiwa ndani ya tangi, na haiondoi naitreti inayolimbikizana, kwa hiyo kazi ya kubadilisha maji inabaki pale pale. Samaki wachache, chakula kidogo, chombo cha povu kizuri na mkaa wa kuchujia vinatosha kwa wengi. Lakini kwa kuwa mashine zinanunuliwa na watu wanaishi nazo, hatuna budi kueleza namna ya kukaa nazo.

INAVYOMUUMIZA MTU

Kiasi kidogo huwasha macho, pua na koo. Kikiongezeka huja kikohozi kikavu, kifua kubana, maumivu mtu anapovuta pumzi ndefu, na kichwa kuuma. Mwenye pumu hupata shambulio mapema kuliko wengine. Kiasi kikubwa huweza kusababisha mapafu kujaa maji, na ubaya wake ni kwamba hali hiyo yaweza kuchelewa kwa saa kadhaa: mtu anaondoka mahali pale akisema yu mzima, usiku anaamka anatweta. Watoto, wazee na wenye magonjwa ya mapafu au ya moyo ndio wa kuangaliwa kwanza. Vilevile anayefanya kazi nzito huumia zaidi ya aliyekaa, kwa kuwa huvuta hewa nyingi. Kijana anayesugua vioo na kubeba ndoo za maji yumo katika kundi hilo.

Kiwango gani ni salama? Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2021, linapendekeza isizidi mikrogramu 100 katika mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8. Sheria ya kazi ya Marekani huruhusu karibu maradufu ya hapo kwa watu wazima walio kazini. Namba hizi hazina maana mpaka tuzilete sebuleni, basi tufanye hesabu pamoja.

Chukua chumba cha mita 3 kwa 4, chenye dari ya mita 2 na nusu. Kina mita za ujazo 30. Ili chumba hicho chote kifikie kiwango cha Shirika la Afya Duniani zinahitajika miligramu 3 tu za ozoni. Mashine za matangi huuzwa kwa kipimo cha miligramu kwa saa, nazo za nyumbani aghalabu ni za 25, 50, 100 au 200. Mashine ya miligramu 100, ikiwa mrija wake umechomoka na madirisha yamefungwa, hutoa miligramu 3 katika muda usiofika dakika 2. Hata ikivuja sehemu moja ya kumi tu, ni dakika 18. Ni kweli ozoni hujivunja yenyewe, na nyingine hupotea inapogusa mapazia, makochi na kuta, kwa hiyo chumba hakiendelei kujaa kama ndoo. Lakini tumeona jinsi nafasi ya kukosea ilivyo ndogo, hasa katika nyumba zenye viyoyozi ambamo madirisha hayafunguliwi tangu Krismasi hadi Pasaka.

Je, pua si itatuonya? Itaonya mwanzoni. Pua ya mtu husikia ozoni mapema, kabla haijafika kiwango kikubwa, na hiyo ni neema. Lakini pua huchoka haraka. Baada ya kukaa chumbani kwa muda mfupi mtu haisikii tena, naye hudhani imekwisha. Kwa hiyo anayeshinda ndani hawezi kuwa mpimaji. Mpimaji mzuri ni anayetoka nje: akae uani kama robo saa, kisha aingie chumbani asubuhi kabla dirisha halijafunguliwa. Akisikia harufu hata kidogo, mashine inavuja na izimwe siku hiyo hiyo. Usikubali maneno ya "ni harufu ya usafi". Mashine iliyofungwa vizuri haitoi harufu yoyote chumbani.

MAHALI INAPOTOROKEA

Mahali pa kwanza, na ndipo watu wengi husahau, ni kwenye kikombe cha povu. Hewa iliyoingia chini ya mnara lazima itokee mahali, nayo hutokea juu kwenye kifuniko ikiwa bado na mabaki ya ozoni. Hapo hutakiwa kisanduku kidogo chenye mkaa wa kuchujia, ili hewa yote ipite ndani yake kabla ya kuingia chumbani. Mkaa huo huliwa na ozoni taratibu, na ukilowa povu haupitishi hewa vizuri, basi ubadilishwe kwa ratiba bila kungoja harufu. Tafadhali usiweke mkaa wa jikoni. Mkaa wa kuchujia umetengenezwa kwa namna ya pekee ili uwe na matundu madogo yasiyohesabika. Ule wa jiko hauwezi kazi hiyo, na vumbi lake litachafua maji.

Mahali pa pili ni mirija na maungio. Ozoni hula mpira wa kawaida. Kipande cha mpira wa baiskeli alichofungia fundi wa mtaani kitaanza kuonyesha mipasuko midogo baada ya muda mfupi, na mrija wa plastiki wa kawaida hukauka na kuwa mgumu kama kijiti. Itumike mirija ya silikoni au ya teflon, nayo ikaguliwe kwa kukunjwa taratibu kwa vidole wakati mashine imezimwa. Ukiona ufa, badilisha mrija mzima. Gundi na utepe wa umeme havitadumu.

Kisha kuna kukatika kwa umeme, ambako sisi tunakujua kuliko walioandika vijitabu vya maelekezo. Pampu ya hewa ikisimama, maji ya tangi huweza kurudi nyuma kupitia mrija hadi ndani ya mashine. Umeme ukirudi, maji ya chumvi yamo ndani ya chombo chenye umeme mkali. Hapo hatari imekuwa ya kupigwa umeme na moto, si ya mapafu tena. Dawa yake ni rahisi na ya bei ndogo. Mashine iwekwe juu kuliko usawa wa maji, na kwenye mrija ifungwe valvu ya kuzuia maji kurudi, inayostahimili ozoni. Waya wa umeme uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone linalotiririka lianguke sakafuni lisiingie soketini. Soketi iwe na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Na chumvi nyeupe inayoota kwenye plagi ifutwe kwa kitambaa kikavu, umeme ukiwa umezimwa.

Lipo pia tukio la kinyume: pampu ya maji inaziba au inaungua, lakini mashine ya ozoni inaendelea. Ozoni inapulizwa katika mnara usiopitisha maji, haina cha kushambulia, nayo yote hutoka juu. Wengi huweka kipimo cha redoksi kinachozima mashine maji yakifikia kiwango kilichowekwa. Katika matangi ya maji ya chumvi kiwango hicho huwa karibu na milivolti 350, na watunzaji makini hawaruhusu kupita 400. Kifaa hiki kinafaa sana, ila tusikifanye malaika mlinzi. Kipimo kilichoota uchafu au kilichotoka majini husoma uongo, na mashine huendelea kutwa nzima ikidhani maji bado ni machafu. Kisafishwe na kuhakikiwa kwa dawa yake mara kwa mara. Tena redoksi hupima maji. Haisemi lolote juu ya hewa unayovuta.

Wenyeji wa pwani wana tatizo la unyevu. Mashine ya cheche ikilishwa hewa yenye unyevu hutoa ozoni kidogo, na ndani yake hufanyika asidi ya naitriki inayotafuna vyuma na viungo. Kwa hiyo mbele ya mashine huwekwa mrija mpana wenye chembechembe za kunyonya unyevu, jamaa ya zile za vifuko vidogo ndani ya maboksi ya viatu. Hubadilika rangi zikilowa, na nyingi hukaushwa tena kwenye oveni. Zile za buluu huwa na madini ya kobalti ambayo ni sumu, basi zisikaushwe kwenye oveni ya chakula, wala zisiachwe mahali mtoto atakapozidhania peremende.

Jambo la mwisho kuhusu ufungaji ni ukubwa wa mashine. Kuna tabia ya kununua kubwa "ili isafishe haraka". Hapana. Inunuliwe inayolingana na lita za tangi kama mtengenezaji alivyoandika, ianzishwe kwa kiwango cha chini, na iongezwe kwa siku nyingi. Mashine kubwa katika tangi dogo huua samaki kwanza, kisha humgeukia mtunzaji.

HARUFU IKITOKEA

Ukiingia na kukuta harufu kali, usianze kutafuta mahali inapovuja. Zima umeme, kama yawezekana kwa swichi kubwa iliyo nje ya chumba, fungua milango na madirisha ukiwa umebana pumzi, utoke. Watoto wapelekwe nje kabisa, si chumba cha pili. Ozoni hupungua yenyewe baada ya mashine kuzimwa, lakini chumba kipewe muda na upepo kabla ya mtu kurudi. Ukikuta mtu ameanguka ndani, usimkimbilie peke yako bila kuita wengine na bila kukata umeme, kwa kuwa huenda aliangushwa na umeme wenyewe. Kitambaa chenye maji usoni hakizuii hewa hii.

Aliyevuta ozoni akae wima mahali penye hewa safi, atulie, asitembezwe wala kupewa kazi. Mwenye pumu atumie dawa yake ya kuvuta kama alivyoelekezwa na daktari. Wengi wetu tumezoea kumnywesha maziwa kila aliyepatwa na sumu. Maziwa huenda tumboni, na jeraha liko kwenye mapafu. Hayasaidii, na kwa mtu anayekohoa sana yanaweza kumpalia. Akitweta, akibanwa na kifua, akikohoa povu au midomo ikibadilika rangi, apelekwe hospitali mara moja. Hata akijisikia nafuu, asilale peke yake usiku huo. Mkifika zahanati litajeni jina: semeni "amevuta hewa ya ozoni", na mseme ni kwa muda gani. Mganga akiambiwa tu kwamba ana kikohozi atampa dawa ya kikohozi, na hatutamlaumu.

Kuhusu kijana wa mama yetu, ushauri ni huu. Aonwe na daktari, kwa kuwa kikohozi kinachokuja na kazi fulani na kupoa siku ya mapumziko kina mengi ya kusimulia. Amweleze mwajiri wake kwa heshima, lakini bila kuzunguka, kwamba mashine inavuja na kwamba watoto wa nyumba wanavuta hewa hiyo hiyo. Waajiri wengi husikia upesi likitajwa jambo la watoto wao. Wale wanaofanya kazi mahotelini na kwenye maghala ya samaki wa kusafirishwa wajue kuwa Tanzania ina sheria ya usalama na afya kazini tangu mwaka 2003, na Kenya tangu mwaka 2007, na zote mbili humdai mwajiri amlinde mfanyakazi. Mambo haya yanaweza pia kuzungumzwa katika jumuiya ndogo ndogo, maana kijana mmoja akisema peke yake huonekana mkorofi.

MASHINE NYINGINE ZENYE JINA HILO

Tusimalize bila kugusa mashine za ozoni zinazouzwa bila tangi lolote. Wakati wa ugonjwa wa korona mwaka 2020 zilitangazwa sana kuwa zinaua virusi majumbani, ofisini na ndani ya magari. Kiasi cha ozoni kinachohitajika kuua vijidudu vilivyo hewani ni kikubwa mno kuliko kile ambacho mapafu ya binadamu yanaweza kustahimili. Mashine ikiwa salama kwako, basi haiui vijidudu hewani. Ikiwa inaviua, wewe usiwemo chumbani. Kanuni za mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani husema kuwa ozoni ni gesi ya sumu isiyojulikana kuwa na faida ya kitabibu, na jimbo la California tangu mwaka 2010 limezuia kuuzwa kwa visafisha hewa vya nyumbani vinavyotoa zaidi ya sehemu 0.05 za ozoni katika milioni.

Kwa hiyo ukikuta dukani kisafisha hewa, soma boksi kabla ya kulipa. Kikiandikwa "ozoni" au "oksijeni hai" pamoja na miligramu kwa saa, fanya hesabu ile ya chumba cha mita za ujazo 30 tuliyoifanya hapo juu. Kisiwekwe chumba cha mtoto mwenye pumu, wala chumba cha mgonjwa, wala katika sakristia yenye dirisha moja. Na kama tayari unacho nyumbani na kina swichi mbili, moja ya feni na nyingine ya ozoni, ile ya pili iache imezimwa.